Kosa la Jumanne

Muthoni mwanangu,

Sina haja ya kuuliza hali yako, maana asubuhi hii umemaliza sukari yote kwa uji wako na ukatoka ukiimba. Wewe na Mama mmekwenda Nyeri kununua vitu vilivyobaki na kunyolewa hizo nywele. Mimi nimerudi kutoka kusafisha tangi la maji, na matope hadi magotini. Nimeoga, nimekaa kitandani kwako kwa sababu ndicho kilicho karibu na dirisha, na nimeamua kukuandikia kabla hamjarudi.

Kesho unakwenda shule ya bweni. Sitakwambia ufue soksi kila jioni, wala ufiche sabuni, wala usiazime mtu sweta. Mama ameyasema hayo mpaka hata ng'ombe anayajua. Mimi nina jambo lingine.

Najua utacheka kwamba nimekuita mwanangu hata kwenye karatasi. Mtu asiyetujua akiona barua hii atafikiri imeandikwa na mama mzima mwenye kitambaa kichwani, na mimi hata miaka ishirini sijafika. Lakini kwetu unajua ilivyo. Mama hakuolewa, kwa hivyo majina yetu yalitoka upande wake. Mimi nikapewa la cucu Wangui, mama yake. Wewe ukapewa la dada yake mkubwa, tata Muthoni wa Mwea. Ndiyo maana Mama huniita maitu, yaani mama yangu, hata akiwa amekasirika: "Maitu, umeunguza githeri tena!" Na kwa kuwa tata Muthoni alizaliwa na cucu Wangui, basi wewe nawe ni wangu. Tata akija na mchele kutoka Mwea huniuliza mbele ya wageni, "Mami, umenipikia nini leo?" nami naona haya mpaka najificha jikoni.

Wewe ulilichukua jambo hilo bila haya yoyote. Ulipokuwa nasari ulimwambia mwalimu kwamba umeletwa na mama yako. Mwalimu akachungulia langoni amsalimu, akanikuta mimi, na sare yangu ya shule na pengo la meno ya mbele. Nilikimbia. Wewe ukabaki umesimama pale ukimweleza, "Ni mama yangu, lakini huwa anaogopa watu."

Basi nakuandikia kama mama anayeogopa watu.

Juzi nilikusikia ukimwambia Mama kwamba ukifika shule, kitu cha kwanza utaomba kutolewa kwenye somo la kompyuta. "Mimi huandika vitu vibaya," ulisema. "Si mliona ile Jumanne?" Mama akasema ni sawa, ufanye unachoweza. Mimi nilikuwa mlangoni na ndoo ya maziwa mkononi. Nilisimama pale mpaka povu likaisha kwenye maziwa.

Muthoni, ile Jumanne haikuwa yako. Ilikuwa yangu, na nililijua hilo wiki ileile. Nataka ulijue nawe kabla hujasimama mbele ya mwalimu mgeni na kuomba kutolewa kwenye kitu unachokipenda.

Acha nieleze pole pole, kwa sababu ilianza vizuri.

Unakumbuka mambo yalivyokuwa kabla ya meseji. Mzee Ndiritu, anayefungua na kufunga maji ya mradi, alikuwa anapigia watu simu mmoja mmoja kuwaambia zamu ya laini yao ya bomba ni lini. Huyu hashiki, yule amezima, mwingine anakuta maji yameshapita akiwa kwa jirani anapiga domo. Mimi nilikuwa nimeanza kusomea kompyuta kule Ruring'u, na wikendi moja nikamwambia Mzee, kwa ile sauti yangu inayoishia shingoni, kwamba ninaweza kuandika programu ambayo kila jioni itaangalia kesho ni zamu ya nani na kuwatumia meseji. Ilibidi nirudie mara kadhaa ndipo asikie. Alipoelewa alifurahi kuliko nilivyotarajia, na hapo ndipo nilipoanza kuogopa.

Wewe ndiye uliyezunguka nyumba kwa nyumba ukiuliza namba za simu, kwa maana mimi nisingeweza kupiga hodi langoni mwa mtu bila kutokwa na jasho. Jioni ulikaa kando yangu, unaandika watu na mimi natengeneza. Na siku ya kwanza tu ukaniuliza:

"Mami, hii simu ya Mzee Ndiritu imeenda wapi na ziro?"

"Ziro gani?"

"Ya mbele. Imeanza na saba. Hakuna simu inaanza na saba."

Nikakueleza, kwa kiburi kidogo, kwamba kompyuta imeitoa kwa sababu sufuri mbele ya namba haina kazi. Saba ni saba, hata ukiitangulizia sufuri.

"Kwa hesabu," ukasema. "Kwani hii ni hesabu? Ukijumlisha simu ya Mama Shiro na ya Mzee Ndiritu utapata nini? Simu ya bwana ya Mama Shiro?"

Tulicheka mpaka Mama akaja kutuuliza kama tumelogwa. Lakini mimi nilikuwa nimenyamaza ndani. Mwalimu wetu Ruring'u alikuwa ametufundisha jambo hilohilo kwa maneno marefu: kwamba kila kitu ndani ya programu kina aina yake. Kuna namba za kufanyia hesabu, kuna maandishi, kuna ndiyo na hapana, na ukiweka aina moja mahali pa nyingine kazi itaharibika, wakati mwingine bila kelele. Nilikuwa nimeyaandika yote kwa kalamu ya buluu. Sikuyaelewa mpaka ulipomtaja bwana ya Mama Shiro, jirani yetu. Namba ya simu si namba. Ni maandishi yaliyovaa nguo za namba. Wewe uliliona hilo kwa macho yako tu, na hukuwa umekaa katika darasa lolote la kompyuta.

Kwa hivyo mtu asikwambie kwamba hii kazi si yako. Hata wewe mwenyewe usijiambie.

Sasa nifike mahali palipo pagumu.

Kuna kitu kinaitwa ukaguzi wa aina. Ni programu nyingine inayosoma unachoandika kabla hakijaanza kufanya kazi, kama mtu aliyesimama nyuma ya bega lako. Ukiweka maandishi mahali ulipoahidi namba, au ukitaja jina ambalo hukulitambulisha popote, inapiga mstari mwekundu chini yake na kukwambia kwa nini. Darasani tuliiita mkaguzi. Basi nilipogeuza simu zote ziwe maandishi, kila mahali nilipokuwa nimezitumia kama namba pakapigwa mstari. Skrini ikawa nyekundu juu hadi chini. Yule kijana anayekaa nyuma yangu akachungulia, akasema, "Wangui, hiyo ni programu ama ni kidonda?"

Wakacheka. Hawakucheka vibaya, wao hucheka hata wenyewe wakikosea. Lakini unanijua. Masikio yalinichoma. Nikarekebisha zile nilizoweza, halafu nikatafuta mahali pa kumzimia mkaguzi, nikamzima. Skrini ikawa safi kama shuka ya wageni. Na programu ikaendelea kufanya kazi, kwa maana lugha ile niliyotumia ni ya upole. Mkaguzi akiwepo inamsikiliza, asipokuwepo inakubali lolote unaloipa.

Haikuwa mara yangu ya kwanza kufanya hivyo. Katika shule ya msingi nilikuwa naficha vitabu vyangu vya insha chini ya godoro, cha Kiswahili na cha Kiingereza, kwa sababu vyote viwili vilirudi na wino mwekundu. Sikusoma hata neno moja la yale mwalimu aliyoandika pembeni. Nilikuwa naona wekundu tu, na kila mstari niliusoma hivi: Wangui hajui. Kumbe ulikuwa unasema: hapa, angalia hapa. Mtu anaweza kukaa miaka mingi akidhani anatukanwa na mtu anayemwonyesha njia. Sikwambii upende kukosolewa. Mimi sipendi hadi leo. Nakwambia tu kilichonipata nilipohakikisha hakuna wa kunikosoa.

Mwalimu alitusisitizia pia habari ya majina. Kitu kimoja kiwe na jina moja, kutoka mwanzo wa programu hadi mwisho. Alipokuwa anasema hivyo nilimkumbuka ng'ombe wetu. Mama alipomnunua kwa wale wafanyabiashara wa mifugo wa Nanyuki, mzee aliyemuuza alimwita Zawadi. Tulipofika naye nyumbani Mama akamwita Nyakairu kwa weusi wake, mimi nikamwita Lulu, wewe ukamwita Malaika. Siku aliyokata kamba na kuingia kwenye viazi vya watu tulisimama sote tukipiga kelele, kila mtu na jina lake, na yeye akatutazama kama anatazama walevi, akaendelea kula. Mpaka Mama alipokumbuka lile la Nanyuki. "Zawadi!" Akainua kichwa, akaja.

Nilicheka peke yangu darasani. Kisha nikarudi nyumbani nikafanya kosa hilohilo.

Ndani ya programu kila nyumba ina kadi yake: jina la mwenyewe, simu, laini, na siku ya zamu. Nilipoianza nilikuwa Ruring'u, ambako tunasoma kwa Kiingereza, na ile siku ya zamu niliipa jina day. Wewe ulijaza kadi zote hivyo, na ulizijaza sawa. Nimezikagua moja moja. Hakuna hata moja uliyokosea.

Kisha mto ukapungua na kamati ya mradi ikabadilisha zamu. Laini yetu ya chini ikatolewa Jumanne ikapelekwa Jumamosi. Mzee Ndiritu akaja kunisomea mabadiliko hapa jikoni, akisema, "Andika, siku, Jumamosi," na mimi nikaandika kama nilivyosikia: siku. Wewe ulikuwa umekwenda kukata majani ya ng'ombe. Sisi wawili tumefundishwa lugha mbili shuleni na nyingine tukanyonya nyumbani, na kichwa changu mara nyingi hakiniambii kiko katika ipi. Kwangu siku na day vilikuwa kitu kimoja. Kwa kompyuta vilikuwa vitu viwili visivyojuana. Ikafungua nafasi mpya kwenye kila kadi, ikaiita siku, ikaandika Jumamosi. Ile day ikabaki palepale na Jumanne yake. Na sehemu inayotuma meseji ilikuwa inasoma day.

Mkaguzi angeniambia papo hapo: kadi hii haina kitu kinachoitwa siku. Mstari mmoja tu mwekundu. Lakini nilikuwa nimemzima.

Yaliyofuata unayajua. Jumamosi maji yakaja na hakuna aliyefungua mpira, kwa maana hakuna aliyeambiwa. Mzee hakupigia mtu simu kwa sababu alituamini. Maji yakajaa mabombani, yakakosa pa kwenda, yakamwagika pale tangini hadi korongoni. Jumatatu meseji zikatoka: kesho Jumanne ni zamu yenu. Jumanne laini nzima ikasimama na mipira mikononi kwenye lile jua la kiangazi la hapa kwetu Endarasha, na mabomba yakatoa upepo. Mama Shiro alikuwa ndiyo kwanza amehamishia kabichi zake shambani. Zililala chini kama nguo zilizoanguka kutoka kwenye kamba.

Jumatano asubuhi nilifungua programu, nikaona. Haikunichukua hata muda wa chai kuchemka. Nilibadilisha jina likawa moja, nikaijaribu, ikasoma Jumamosi. Hapo ndipo Mzee Ndiritu alipoingia, akavua kofia, akaketi.

"Sasa, wasichana, hii maneno ya jana imetupeleka wapi? Ni nani aliandika siku kwa hiyo mashine?"

"Siku niliandika mimi," ukasema. Ilikuwa kweli, zile za kwanza uliziandika wewe. Kisha ukanitazama, na sijui ulikuwa unangoja nini kutoka kwangu. Nikatazama sufuria. "Basi labda ni mimi nilichanganya," ukasema.

"Wacha nitawaambia ni mtoto alikosea," Mzee akasema. "Mtoto hukosea. Hawatasema kitu."

Nikamwongezea chai.

Hicho ndicho nilichofanya, Muthoni. Kosa la jina ni kosa la kazi, kila anayeandika programu hulifanya, hata mwalimu wetu. Lakini kumwongezea mtu chai huku mwanao anajitwisha kosa lako, hilo halina jina zuri katika lugha yoyote ninayoijua.

Na kama unavyojua, walisema kitu. Mama Shiro alianza pale dukani, "Weh, Jumanne! Kesho ni siku gani kwako, ama tungoje meseji?" Watoto wakalidaka. Kanisani wakati wa kutoa sadaka nilisikia mtu nyuma akinong'ona, "Ni huyo, Jumanne." Ulikuwa unacheka pamoja nao. Nilifikiri kicheko chako ni cha kweli, au nilitaka kufikiri hivyo. Lakini uliacha kukaa kando yangu jioni. Ukasema una kazi ya shule. Na kibaya zaidi, meseji zilianza kwenda sawasawa, na watu wakasema, unaona, tangu yule mdogo aache kuandika hakuna shida. Nililisikia hilo pia. Nilikuwa nimeshika kikapu cha Mama, nikahesabu vitunguu.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikusema. Nilijiambia ni haya, wewe mwenyewe umenijua hivyo tangu nasari. Lakini haya si jibu kamili. Niliogopa macho ya Mama Shiro, niliogopa macho ya Mzee, niliogopa laini nzima. Ya kwako sikuyaogopa. Nilijua utanipenda tu. Kwa hivyo mzigo nikauweka pale ambapo haungenirudia. Nikiwa mama kwa jina, ningetaka ujue kwamba mtu anaweza kukufanyia hivyo na bado anakupenda. Hilo halimpunguzii kosa. Nimelisema kwa sababu ni kweli.

Sasa nikwambie ya leo.

Leo ilikuwa zamu ya laini yetu kusafisha tangi kabla ya mvua. Maji yalifunguliwa yakatoka yote, tukashuka kwa ngazi na mifagio na gambuti. Nilikuwa nimepanga kumwambia Mama Shiro peke yake, taratibu, tukiwa tunasugua ukuta. Kwanza nilikuwa nimefikiria kutuma meseji kwa kila mtu, kwa programu hiyohiyo, nikiwa nimejifunika blanketi. Nilikuwa hata nimeiandika. Nikaifuta. Wewe walikuita lile jina uso kwa uso, si kwa meseji.

Nikasogea karibu naye, nikasema kwa ile sauti yangu, "Mama Shiro, ile Jumanne ilikuwa yangu."

Hujawahi kuingia ndani ya tangi likiwa tupu. Mimi pia nilikuwa sijawahi. Ile sauti yangu inayoishia shingoni iligonga ukuta wa saruji, ikazunguka, ikatoka juu kama ya mhubiri. Mifagio yote ikasimama. Huko nje mwanamume mmoja akauliza, "Ati Jumanne ya nani?"

Mama Shiro akaegemea fagio lake. "Rudia. Siku zote wewe husikiki, leo unasikika."

Ningeweza kusema nilikuwa nauliza tu juu ya Jumanne ijayo. Wazo hilo lilinijia, sikufichi. Lakini nilikuona akilini ukimwambia mwalimu mgeni wa kompyuta kwamba wewe huandika vitu vibaya.

"Muthoni aliandika siku zote sawa," nikasema. "Mimi ndiye nilizibadilisha mahali pengine, kwa jina lingine, na meseji zikaendelea kusoma zile za zamani. Nilijua keshoyake. Nikanyamaza."

Tangi likarudia: nikanyamaza.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Na Ndiritu akakuja kwenu, akauliza, ukafanya nini?"

"Nikamwongezea chai."

Kuna mtu alicheka huko nje. Mama Shiro hakucheka. Uso wake ulikuwa umebadilika, na si kwa hasira niliyoitarajia.

"Kabichi wachana nazo," akasema. "Kabichi nilipanda zingine. Lakini mimi nimeita huyo mtoto Jumanne kwa duka, nimemwita kwa kanisa, nimemwita na mamake akisikia. Sasa hiyo nitairudisha aje? Umenifanya mtu mbaya, Wangui, na mimi nilikuwa nafikiria ni mzaha."

Nilimwambia pole, na pole hiyo ikazunguka ukutani mpaka ikanichosha mwenyewe.

Mzee Ndiritu alikuwa ameinama juu ya ngazi anatutazama. "Hata mimi sikuuliza vizuri," akasema. "Nilisikia 'labda', nikaondoka na hiyo labda kama ni ndiyo. Wewe panda huku nje umalizie. Kuna watu wako chini kwa valvu hawajasikia."

Nikapanda. Nikasema tena, nje, mahali ambapo hakuna ukuta wa kunisaidia. Wengine walikasirika na wana haki. Mmoja alisema meseji zikomeshwe, turudi kwa simu. Mwingine akasema simu zilikuwa mbaya zaidi. Mwishowe Mzee akaamua: meseji ziendelee, lakini kila nikibadilisha kitu nimpigie nimsomee nilichoandika, mstari kwa mstari, kabla hakijaenda popote. Basi nimepata mkaguzi mwingine, na huyu ana simu na kofia, na siwezi kumzima. Yule wa kwenye kompyuta nimemwasha pia. Skrini imejaa wekundu. Nilipoiona nilitaka kufunga laptop. Sikufunga. Nimeanza kusoma mstari mmoja mmoja, na ajabu ni kwamba mingi yake inasema kitu kimoja: hapa umesema hivi, pale umesema vile, chagua.

Mwanangu, ukifika huko fanya utakavyo. Kama utalibakiza somo la kompyuta, libakize kwa sababu unalitaka, si kwa sababu Wangui amelia kwenye karatasi. Kama utaliacha kwa sababu umependa kilimo au muziki, nitafurahi vilevile na nitakutumia mbegu au filimbi. Ila usiliache kwa ajili ya kosa ambalo si lako. Na siku moja huko utakosea kwelikweli, kosa lako mwenyewe, na pengine atakuwepo mtu mpole kando yako anayeweza kulibeba. Utamjua, kwa sababu wewe umewahi kuwa mtu huyo. Utaona jinsi ilivyo rahisi. Mimi sina la kukufundisha hapo zaidi ya kukwambia kwamba miezi hii yote chai haikunipita vizuri kooni.

Nilitaka pia kukuandikia juu ya jinsi nyumba itakavyokuwa bila wewe, na nani atamwambia Mama kwamba kaptula ya mtumba si sketi, na

Nasikia lango. Mmerudi. Mama anamfokea mbwa, na kuna sauti ya mtu mwingine pamoja nanyi. Ni Mama Shiro. Amewangojea barabarani. Anasema, "Muthoni, simama kidogo, mama, iko kitu nataka kukuambia," na wewe unauliza, "Kwani ni nini?" na sauti yako imejiandaa kuchekwa.

Nitaikunja barua hii niiweke ndani ya sanduku lako, kwa maana nikianza kusema nitasahau nusu yake. Lakini sitaki uyapate haya kwake kwanza, wala kwenye karatasi kwanza. Natoka nje nikwambie mwenyewe, mbele yao wote.

Mama yako kwa jina,
Wangui